Mikidadi na Mboga Isiyo na Chumvi

"Hii mboga umeipika au umeichemsha tu, mama Anuari? Haina chumvi hata ya kudanganyia ulimi."

Aliyesema hivyo ni Mikidadi, dereva wa bodaboda, na alisema kwa sauti ya kumfikia mtu wa ng'ambo ya barabara. Kofia ngumu iko kichwani, tonge liko mkononi, mguu mmoja uko ndani ya banda na mwingine nje kulinda pikipiki. Banda lenyewe ni la Sikudhani, mama Anuari, anayepika chakula hapa Nachingwea jirani na stendi. Mimi nauza chai na vitumbua pembeni yake. Kila kinachosemwa kwake nakisikia hata nisipotaka, na mara nyingi nataka.

Sikudhani alimwonyesha kwa kidevu kopo la chumvi lililokuwa mezani. Mtu mwenye akili angechota akanyamaza. Mikidadi akacheka, akawageukia wenzake kwenye benchi.

"Siku hizi nani anakukataza kushika chumvi, shemeji? Au ndiyo zile siku zenu?"

Wazee wawili waliokuwa wanakula waliacha sahani zao, wakanawa, wakaondoka bila kuaga. Kwetu mama mwenye mtoto jandoni hashiki chumvi mpaka mtoto atoke, kwa sababu watu wanaamini ataharibu kidonda cha mwanawe. Na haulizwi. Kumuuliza mbele za watu ni kumvua nguo, halafu ni kumtia mtoto mashakani huko aliko. Wengine hufunga biashara mpaka watoto watoke. Lakini Sikudhani ana kodi ya banda, na ufuta ulikuwa umeanza kuuzwa, watu wanashuka kutoka mashamba na hela mfukoni na njaa tumboni. Unafungaje? Kwa hiyo yeye alikuwa anapika, dada yake Safina anatia chumvi. Siku ile Safina alikuwa amekwenda msibani Naipingo, wateja wakaachiwa kopo mezani wajitilie.

Nimtetee Mikidadi kidogo, maana hakuna mwingine atakayemtetea. Hakujua. Anuari alichukuliwa kimyakimya na mjomba wake Kaimu, akapelekwa kambi ya jando kule Mandawa, na Mikidadi wakati huo alikuwa ameegesha zaidi Ruangwa kuliko huku. Tena siku hizi wengi wanatahiri watoto hospitali wakiwa wadogo, mambo yanakwisha bila ngoma. Aliona mboga haina chumvi, akasema haina chumvi. Mdomo wake haujawahi kusubiri kichwa.

Ni mzaliwa wa hapahapa, mjukuu wa wakulima wa korosho, lakini shamba lilimshinda kwa sababu mkorosho hauhami. Alioa mke mzuri wa Nkowe, Saada. Saada alipika mwaka mzima, chakula kinapoa, mume yuko barabarani anakula kwa watu. Akafunga mizigo akarudi kwao, wala hakuna aliyemlaumu. Tangu hapo jiko la Mikidadi ni miji miwili. Asubuhi supu na chapati Nachingwea. Mchana akiwa Ruangwa anakula samaki wa kukaanga sokoni. Njiani Nkowe akikuta ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha anasimama, anamenya, anakula akiwa juu ya pikipiki, injini inaunguruma. Hakuna mpishi asiyemjua na hakuna chakula asichokitoa kasoro. Chai yangu ina tangawizi nyingi, wali wa fulani una mawe, kisamvu cha Ruangwa kimetiwa tui la jana. Ukimuuliza kwa nini basi anarudi, anasema anaangalia kama umejirekebisha.

Siku ile ya chumvi, bibi Sofia, mama yake Sikudhani, alikuwa nyuma ya banda anamenya muhogo. Alimwita Mikidadi akaja anatembea kama mtu anayeitiwa chenji. Bibi hakupandisha sauti. Alimwambia mjukuu wake yuko Mandawa jandoni, na kwamba neno alilolisema limekwisha kutoka, haliwezi kurudi mdomoni.

"Una deni na mtoto yule," akasema. "Utaniletea kuku kabla hawajatoka."

Mikidadi alishtuka, nilimwona. Lakini vijana wa kijiweni walikuwa wanamtazama, akajitia ujasiri. Akasema bibi, hii karne gani, kuku na kidonda wapi na wapi. Akawasha pikipiki.

Wiki haikwisha, simu ikaja. Kaimu alimpigia Sikudhani, dada yake. Mambo ya kambini hayasemwi kwa mwanamke, kwa hiyo alisema maneno matatu tu: mtoto hali chakula. Sikudhani akauliza hali kwa nini, anaumwa nini, kidonda kikoje. Kaimu akasema dada, hayo usiniulize, akakata.

Siku mbili zile sizitamani tena. Sikudhani alipika wali ukaungua, akapika mwingine ukawa bokoboko, na wateja walikula bila kusema kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hawezi kwenda Mandawa. Hakuna mwanamke anayesogelea kambi ile, awe mama, awe nani. Kila simu ikilia hata ya mteja, sufuria zinagongana.

Habari zilimfikia Mikidadi Ruangwa, na hapo ndipo alipoanza kuhangaika. Aliagiza samaki akamwacha mezani mzima. Alimbeba abiria wa Nachingwea akampitiliza, yule mama akampigia kelele mgongoni mpaka mlimani. Alikuja kwangu akaomba chai, akaiacha ikapoa, akaomba nyingine. Akakaa, akasimama. Akaniuliza, bila kunitazama, kama mimi naamini mambo hayo ya chumvi.

Nikamwambia ninachoamini mimi hakimsaidii mtoto. "Wewe umetahiriwa na una pikipiki. Mama yake hana hata kimoja. Unakunywa chai yangu ya nini?"

"Shangazi, nikienda nikakuta kweli ni mimi?"

"Utakuwa umejua."

Hakulipa chai. Alipitia Ruangwa akamchukua Emmanuel, tabibu aliyewatahiri watoto wale, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tangu juzi. Akampakia nyuma na begi lake la dawa, wakaingia barabara ya vumbi ya Mandawa. Hayo alituambia mwenye duka mmoja wa Ruangwa aliyewaona wakipita. Baada ya hapo kimya.

Jioni Mikidadi hakurudi. Sikudhani alichelewa kufunga. Alikuwa anafagia palipokwisha fagiwa. Bibi Sofia alikuwa kwenye mkeka anavuta tasbihi, na sijui punje zile alizizungusha mara ngapi.

Kesho yake, supu ikiwa jikoni, pikipiki ikaingia. Mikidadi alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia kofia mpaka kandambili. Hakuzima injini. Sikudhani alisimama na mwiko mkononi, hakuuliza, maana alijua haruhusiwi kuuliza na yule haruhusiwi kujibu. Wakatazamana tu. Wateja nao walitazama.

"Anakula," Mikidadi akasema.

"Anakula nini?"

Hilo linasemeka. Mikidadi akazima injini. Akasema amekula ugali wa muhogo na mbaazi, jana usiku kidogo, leo asubuhi bakuli zima. Ameomba tena akanyimwa na mjomba wake, akanuna.

"Amenuna?"

"Amenuna sana. Anasema mbaazi za kambini hazijaiva vizuri."

Sikudhani akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakawa yanatikisika, na mimi sikujua analia au anacheka, wala sikusogea kuangalia. Kuna mteja aliagiza supu, nikamwambia anyamaze.

Mtoto alikuwa na nini, mpaka leo sijui. Emmanuel alipokuja mjini baadaye alikunywa chai kwangu, akaongelea mvua. Mikidadi naye, mdomo ule wote, hilo hajalisema.

Siku ileile alikwenda nyuma ya banda kwa bibi Sofia akachuchumaa. Akamwambia bibi, kuku nitamleta, niliahidiwa mmoja Nkowe lakini nilipitiliza, nilikuwa na haraka ya kuleta habari. Akataka kuapa. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Petroli ya kwenda Mandawa na kurudi ni kuku wangapi?"

Mikidadi akasema hajui, wawili labda.

"Basi deni limekwisha, mwanangu. Hatudaiani."

Akataka kujibu, lakini barabarani abiria wa Ruangwa alikuwa ameshaanza kumwita.