Dobi wa Mbuchi anayeonja nguo za watu

Saa moja asubuhi, Mwantum Nurdini amesimama uani kwake Mbuchi, katika delta ya Rufiji, mbele ya kanzu nyeupe iliyoanikwa kwenye kamba. Analivuta pindo, analigusa kwa ncha ya ulimi, anakunja uso.

"Bado," anasema. "Hii hairudi kwa mwenyewe leo."

Jirani yake, Zena, anayepita na kapu la dagaa, anacheka. "Dada, ipo siku weye utazimaliza nguo za watu!"

"Bora nile chumvi mie kuliko kuivaa mwenzangu," anajibu Mwantum.

Mwantum, mwenye umri wa miaka 51, ni dobi. Kwa miaka kumi na tisa amefua, ametia wanga na kupiga pasi ya mkaa. Shati ni shilingi 500, kanzu ni 1,000, na kanzu hufukizwa udi bila kuongezwa bei.

Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani ana sanduku zima la nguo. Ana doti tatu tu za khanga. Zimefifia, lakini mapindo yake yameshonwa na mikunjo ya pasi imenyooka. Kamwe hachanganyi kipande cha doti hii na cha ile.

Akienda bandarini huvua viatu na kulikanyaga tope pekupeku, na mlangoni kwake kuna kopo la maji ya kunawia miguu. Asubuhi hii visigino vyake vinang'aa. Viatu vya mwandishi wa makala haya vina tope hadi kwenye kamba, na Mwantum ameviangalia mara mbili.

"Watu husema mtu maridadi ana hela," anasema. "Uongo. Mtu maridadi ana maji."

Hapa maneno hayo si mzaha. Bahari inapojaa sana, mwezi unapoandama na unapopevuka, wenyeji husema ni bamvua. Siku hizo chumvi hupenya hadi kisimani. Nguo iliyosuuzwa kwa maji hayo hukauka ikawa ngumu, na mvaaji akitoka jasho, michirizi myeupe hujichora mgongoni.

Mwantum analijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana kosa la mwaka jana linamuuma hadi leo.

Mwalimu Belinda, aliyehamia Mbuchi kutoka Songea, alimletea suti yake ya buluu iliyokoza ili aivae kwenye mahafali ya darasa la saba. Ilikuwa siku ya bamvua. Kazi zilikuwa nyingi, Mwantum akachota kisimani na hakuonja.

"Nilisimama juani nikisoma majina ya wahitimu," anakumbuka Belinda. "Nyuma nasikia kicheko. Wanafunzi walidhani nimeegemea ubao wa chaki."

Mwalimu hakugomba. Aliacha tu kuleta nguo, na walimu wenzake wanne wakamfuata. Mwantum anasema angefurahi zaidi kama angetukanwa.

"Hela ilipungua, sawa," anasema. "Lakini kilichoniumiza ni kumwona anapita hapo nje na nguo aliyojifulia mwenyewe, imejikunja, na mie nipo. Wallahi niliona haya."

Saa tatu, hodi inasikika. Ni Belinda, na mkononi ana suti ileile. Jumapili mwanawe anapokea Komunyo ya Kwanza Kibiti, na suti imepata doa la mafuta lililomshinda.

"Shikamoo, Bi Mwantum."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Mwantum anaipokea suti kwa mikono miwili. Kisha anairudisha.

"Leo sifui, mwalimu. Mwezi umeandama juzi. Kisima kimeharibika."

Belinda anaipokea. Kesho jioni anaondoka na boti kwenda Nyamisati, na huko apande gari la Kibiti. "Basi nitavaa nyingine," anasema polepole, akigeuka.

Mwaka mzima Mwantum ameisubiri hodi hii. Anamtazama mwalimu hadi anaufikia mwembe wa jirani, kisha anapaza sauti: "Mwalimu! Hebu rudi. Niachie."

Baada ya mgeni kuondoka, anaingia ndani na kutoka na ndoo iliyofunikwa kwa sinia. Ni maji ya mvua, ya mwisho aliyobaki nayo. Zena, aliyerejea kuomba moto, anashika kiuno.

"Si maji ya khanga zako hayo? Za harusi ya Warda, mtoto wa kaka yako?"

"Ndiyo haya."

"Na Jumamosi utavaa nini?"

"Nitavaa ya jana, niifukize udi. Mie ni shangazi, si bibi harusi."

Anaifua suti kwa maji ya kisima, kwa kuwa doa halijali chumvi, kisha anaisuuza mara tatu kwa maji ya mvua, kidogokidogo, hadi ndoo inabaki na mashapo tu chini.

Ijumaa mchana Belinda anarudi. Suti imening'inia mlangoni, imenyooka, doa halipo. Mwantum anashika pindo la sketi, analigusa kwa ulimi mbele ya mteja wake, na kuitikia kwa kichwa.

Belinda anainama, analivuta pindo lilelile na kulionja mwenyewe.

"Halina kitu," anasema, na wote wawili wanaangua kicheko.

Kabla ya masika Mwantum anataka kununua tenki la lita 500 na kufunga mfereji kwenye paa lake la bati. Amekwisha kupanga mahali litakapokaa, pembeni ya jiko, na amepafagia.

Na kuonja je, ataacha? Anashangaa kuulizwa.

"Tenki litanipa maji," anasema. "Lakini nikikosea tena, haliwezi kunirudishia mwalimu mara ya pili. Nitaonja."