Alama Nyuma ya Pipa

Marion alianza kumwonea wivu jirani yake Muhonja siku ileile walipookota karatasi za kura kugawana ploti za kujenga, na hakuacha tena. Walikuwa wauza mitumba wawili, meza moja sokoni, kanisa moja. Muhonja alitia mkono kwenye kofia akatoka na ploti ya juu. Marion akatoka na ile iliyo chini yake, ukingoni mwa mto unaopita nyuma ya mtaa wa Tena. Hii mikono yangu ina nini? alijiuliza kwa miaka saba.

Muhonja alipojenga baraza yenye ngazi, ndiyo ikawa balaa. Jioni angekaa pale juu akichambua sukuma wiki, na Marion, huku chini, chakula kisishuke. Baraza ya kumwonyesha nani?

Mvua za El Nino zilipokwisha, mwaka wa tisini na nane, ikatangazwa kwamba serikali inakuja kuweka mpaka. Kuanzia pale mafuriko yalipofikia, kushuka mtoni ni pa serikali; kupanda ni pa mwenye ploti. Wenye ploti wakakubaliana neno moja: maji yaliishia kwenye matete. Tope lilikuwa limechora mstari ukutani kwa watu, kwa hiyo wakasugua, wakapaka chokaa. Muhonja alishuka kwa Marion na ndoo yake mwenyewe, akapaka siku mbili hadi juu ya dirisha. Marion alimshukuru kwa mdomo tu. Moyoni alisema, amekuja kuona nilivyozama.

Mpima ardhi, Bwana Ndambuki, alifika asubuhi na darubini yake ya miguu mitatu.

"Maji yalifika wapi?"

"Kwenye matete!" wakajibu wote.

Akaandika. Muhonja akamkaribisha chai barazani, naye Ndambuki akazungusha macho, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Kweyu, hapa umejenga! Nyumba kama hii haiguswi."

Marion alizisikia sifa hizo kutoka chini. Haiguswi? Angalau ipoteze hiyo baraza! Akapanda mbiombio, akalisukuma pipa la maji lililokuwa kando ya ngazi.

"Na hii je, bwana?"

Nyuma ya pipa, kwenye ngazi ya tatu, mstari wa tope ulikuwa bado upo, umekauka vilevile. Ndambuki akaweka kikombe chini, akapanga darubini sawa na mstari ule, kisha akaigeuza taratibu kuelekea nyumba ya Marion. Msaidizi wake alishuka akasimama kwenye ukuta huo na chaki.

"Pandisha. Pandisha tena. Hapo!"

Chaki ilisimama juu ya dirisha.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwangu," Marion akasema.

"Basi, mama, maji hulala sawasawa. Kama yalifika kwenye ile ngazi, hapa yalifika hivi. Mpaka utapita pale kwenye ngazi ya tatu."

"Na nyumba yangu?"

"Iko upande wa serikali."

Muhonja alikuwa amepoteza ngazi tatu. Marion alisubiri matusi, tena aliyatamani. Lakini Muhonja alishuka polepole, akasimama mbele ya ule ukuta mweupe, chokaa ingali kwenye kucha zake.

"Mama Gordon," alimwambia Marion, "ile alama mimi nilikuwa nakufichia wewe."