Kilango cha Shaba

Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita susu, alinichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa sababu ya chungu. Alikuwa anapika muthokoi, yale mahindi ya kutwangwa mpaka maganda yatoke, na kila mtu wa Kola anajua hayo hayaivi kwa haraka. Mimi nilikuwa na njaa. Kila akigeuka, nafunua kifuniko nachungulia. Jua likafika utosini, mahindi bado yako magumu. "Asi! Kumbe wewe ndiye unakula moto wangu!" akasema, akanipiga na mwiko. Huyo susu alikuwa na jino moja la mbele na ng'ombe mmoja, na alimpenda ng'ombe kuliko babu, lakini hiyo ni habari nyingine. Mimi nazungumza juu ya kifuniko. Nilikuwa tayari fundi nilipouelewa ule mwiko.

Kazi niliianza mjini Machakos, miaka ya tisini, kwa gereji iliyotengeneza magari ya kanisa. Shule nilikuwa nimeachia darasa la tatu. Siku ya kwanza Foreman alinipa spana na kunionyesha Land Rover ya dizeli. "Fungua hapo juu, pale paipu ya rejeta inaingia kwa injini. Ndani utapata kidude cha shaba. Kitoe."

Nikakitoa. Kilikuwa kidogo, kinatosha kwa kiganja, na kina springi. Kinaitwa themostati. Ni kama kilango: maji ya injini yakiwa baridi kinajifunga, yazunguke ndani kwa ndani yapate moto, yakishapata moto kinafunguka, yaende kwa rejeta kupoa.

"Nikiweke wapi, Foreman?"

"Kwa debe. Hiyo ni ya Ulaya, kwa theluji. Umeona theluji Machakos?"

Mafundi wakacheka, na mimi nikacheka. Wakati ule kila gari lililochemsha maji, dawa ilikuwa hiyo moja, na hata ambalo halikuchemsha tulilitibu mapema. Hilo debe nililijaza kwa mikono yangu. Nasema ukweli, maana ninyi vijana mkisikia mzee anasimulia, mnafikiri yeye ndiye alijua kila kitu.

Baadaye Foreman alinipeleka Kola, niwe dereva na fundi wa gari la zahanati ya kanisa. Ni ile ile Land Rover. Julai kule ukungu unakaa mpaka saa nne, na injini ilikuwa inakohoa moshi mweupe, inapanda mlima ikilia. Nilikuwa naiacha ikinguruma nusu saa nzima kabla ya safari. Hainipi kitu. Ni kuchoma dizeli bure, maana injini isiyo na mzigo haipati joto vizuri.

Asubuhi moja, kumekucha tu, Sista wa zahanati akatoka mbio. Sista ni muuguzi, mama mkali asiyependa maneno mengi. Mama mmoja alikuwa amezaa kabla ya wakati, mtoto anatosha kwa mikono miwili. Mama mwenyewe hakuweza kusimama, kwa hivyo mtoto alibebwa na nyanya yake, kifuani, chini ya leso tatu.

"Mpaka hospitali ya mjini huyu asipate baridi," Sista akaniambia. "Akipoa, tumempoteza. Washa hita."

Nikawasha. Hita ya gari inachota joto kwa maji ya injini. Tukaenda maili moja, mbili. Ikatoa upepo wa baridi.

"Dereva, nimesema hita!"

"Imewaka, Sista."

"Hii ndiyo imewaka? Mbona inapuliza kama mlango wazi?"

Nilikumbuka debe: bila kilango, maji yote yanakimbilia rejeta kupoa kabla ya kupata moto.

Yule nyanya akasema polepole, "Mwanangu, miguu yake imeanza kuwa baridi."

Nikasimamisha gari katikati ya barabara. Nyuma kulikuwa na katoni ya dawa. Nikamwaga dawa kwa kiti, Sista akapiga kelele, nikaipasua katoni na kuisimamisha mbele ya rejeta, upepo usiingie. Nikafunika chungu, basi. Tukaondoka. Mshale wa geji ya joto, ambao sikuwahi kuuona ukiondoka chini, ukaanza kutambaa. Hita ikapuliza uvuguvugu, halafu joto. Sista akamsogeza nyanya karibu na tundu la hita.

Lakini mbele kulikuwa na mlima. Mshale ukapita nusu, ukaelekea kwa nyekundu. Maji yakichemka, gasketi inaungua, na gari linalala hapo hapo na mtoto ndani. Nikitoa katoni yote, hita inapoa.

"Anapumua?" nikauliza.

"Wewe endesha!"

Nikasimamisha gari, nikashuka na kisu, nikakata katoni nusu. Tukapanda kwa gia ya pili. Jicho langu moja kwa barabara, jingine kwa mshale. Ulisimama unywele mmoja chini ya nyekundu, ukakaa hapo mpaka kilele.

Hospitalini walimpokea mtoto akilia, sauti kama ya paka. Yule nyanya akanishika mkono, akanishukuru, akaniombea baraka. Afadhali angenichapa.

Nikaenda gereji moja kwa moja, nikatundika koti langu kwa msumari, nikainamia debe. Kilango kimoja nilikitia kwa sufuria ya maji ya chai ya mafundi: kikafunguka. Kwa maji baridi kikajifunga. Kizima kabisa. Nikakirudisha kwa Land Rover, nakaza boliti ya mwisho, Foreman akafika.

"Nani amekuambia?"

Nikamweleza yote, mtoto, hita, katoni.

"Tangu lini dereva anafundisha gereji? Toa hiyo kitu."

"Foreman, Kola ni baridi."

"Toa. Kwa mikono yako, nikiona."

Mafundi waliacha kugonga. Nilitazama mikono yangu. Nikakaza ile boliti robo moja zaidi, nikaweka spana juu ya mudgadi, nikatoka kwa geti. Kulikuwa na ukungu bado, na koti lilikuwa kwa msumari. Sikurudi kulichukua.