Msimu wa Kofia, Bwiza

Juzi binti yangu alirudi kutoka chuo kikuu, kule Mutanga, akiwa na hamu ya kunieleza somo walilofundishwa kuhusu ubongo. Mimi nilikuwa nachambua lenga-lenga, mchicha wetu wa huku. Alisema mtu akizama katika kazi inayomtaka akili yote, ubongo haubakiwi na nafasi ya kushughulikia mengine: sauti zinapita masikioni bila kupokelewa, saa zinakwenda bila kuhisiwa, na hata ile tabia ya kujihangaikia inatulia kidogo. Nikacheka. Akadhani simwamini. Kumbe, rafiki yangu, nilikuwa nimesharudi kwenye baraza ya bibi, nimeshika sindano.

Kama ulikuwepo Bujumbura miaka ile ya vita, unazikumbuka siku za ville morte, mji unapofungwa wote: maduka kimya, mabasi hayatembei, shule hakuna. Milio ya bunduki ilitufikia Bwiza kutoka mitaa ya kaskazini. Wakubwa walikaa na redio sikioni, na sisi watoto tukakaa tukizitazama nyuso za wakubwa, jambo lililotutisha kuliko milio yenyewe.

Bibi alikuwa mshonaji wa kofia, zile nyeupe za mkono ambazo wanaume wa mtaani walivaa Ijumaa. Maua yanachorwa kwa penseli kwenye kitambaa, unatoboa vitundu kwa sindano, kisha unakizungushia kila kitundu uzi mpaka ukingo wake usimame. Kimoja kikipanuka kuliko wenzake, ua lote linapinda. Mwaka ule mjomba alikuwa anaoa, na bibi alikuwa ameahidi kumvalisha yeye na ndugu zake wote kofia mpya. Vita au si vita, alisema, hakuna atakayekaa kwenye nikahi ya mwanawe kichwa wazi. Basi akatukalisha mkekani, mimi na binamu zangu, akatugawia sindano.

Jirani yetu, mama Mkristo aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, alikuwa amempokea mtoto wa dada yake. Watu walipokimbia kutoka Kamenge, mmoja wa mitaa ile ya kaskazini, msichana huyo alipotezana na mama yake njiani, na waliomwokota walikuwa wanamfahamu mama yake mdogo, wakamleta kwake. Alikuwa wa umri wangu. Hakusema neno. Upepo ukigonga mlango, utamkuta chini ya kitanda. Jirani alikuja kwa bibi akilalamika kwamba mtoto hali chakula na usiku halali. Bibi hakutoa ushauri wowote. Alimwambia amlete tu, akae na wenzake.

Mwanzoni mgeni wetu alishika kitambaa bila kukifanyia lolote. Bibi akampa vitundu vya ukingoni, vile vyepesi. Alipoviweza, akampa jani. Alipoliweza jani, akampa ua. Hivyo ndivyo alivyotufanyia sote. Alikuwa akisema kwamba kazi ikiwa nyepesi mno mawazo yanatoka kwenda kutembea, na huko nje siku hizi hakuna jema. Ikiwa ngumu mno, mtu anaitupa. Kwa hiyo hakutuangalia nyuso, alituangalia vidole.

Na ilikuwa tamu, nakwambia. Unapoanza unasikia kila kitu: chai ya tangawizi ikichemka juu ya makaa, jirani anatwanga sombe, majani ya muhogo, kuku wanagombana. Halafu sauti zinaondoka moja moja bila kuaga. Unabaki wewe, uzi na kitundu. Ukija kuinua kichwa, chai imepoa, sambusa zako zimeliwa na binamu, na kivuli cha ukuta kimeshafika upande wa pili wa uwanja.

Alasiri moja ulitokea mlipuko karibu sana, hata mabati yakatetemeka na vumbi likaanguka ndani ya sufuria. Tulitupa kazi tukakimbilia ndani. Kuja kuangaliana, mgeni hayupo. Bibi akarudi nje, nami nikamfuata nimeshika kanga yake. Mtoto yule aliyekuwa akiogopa upepo alikuwa pale pale mkekani, mgongo umepinda, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, anazungusha uzi. Bibi alichutama mbele yake. Ndipo alipoinua macho, akashangaa kutuona.

"Bibi, uzi imeisha," akasema. "Iko ingine?"

Tangu aje, hatukuwahi kuisikia sauti yake. Bibi alimnyanyua pamoja na kofia yake, akamwingiza ndani, na uzi akapewa. Jioni ile tulishonea chini ya meza, tumebanana, tukichomana sindano na kucheka.

Kuanzia hapo alikula. Alisema. Alianza hata kugombania sindano nzuri, na bibi alifurahi kumsikia akigomba.

Harusi ilipokaribia, mama yake akapatikana. Alikuwa amezunguka kwenye kambi za wakimbizi akiuliza, mpaka mtu wa kanisani akamwelekeza Bwiza. Jirani alimleta hadi kwenye lango letu. Mtoto alikuwa amewapa mgongo, anamalizia kofia ya bwana harusi mwenyewe. Mama alimwita kwa jina. Hakugeuka. Akamwita tena. Bibi alikwisha kunyoosha mkono amguse bega, lakini mama akamzuia.

"Apana," alisema kwa sauti ya chini. "Mumuache kwanza amalize. Siku zote nilikuwa namuona kichwani analia."

Akazunguka, akaketi mbele yake ukingoni mwa baraza, kifurushi bado kichwani, machozi yanamtoka huku anatabasamu, akitazama vidole vya mwanawe. Mtoto akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akainua kofia kwenye mwanga aikague. Alipoishusha, akamwona mama yake.

Vigelegele vya jirani vilisikika mpaka mtaa wa pili, na watu walitoka nje siku ambayo hakuna aliyekuwa akitoka.

Harusi ilifanyika mchana kweupe, kwa sababu jioni watu hawakuruhusiwa kutembea. Mama na mwanawe walikaa mbele kabisa, wakala pilau na sisi, na mjomba alimwonyesha kila mgeni fundi aliyemshonea.

Bibi amekwisha kutangulia. Baraza ilivunjwa, pale sasa kuna duka la simu, na kofia zinakuja zimeshonwa kwa mashine, maua yote sawasawa. Ninachokitamani zaidi ni ule ukimya wa mkekani. Miaka ile mji ulikuwa na ukimya wa namna nyingi, na karibu wote ulitutisha. Wetu ulikuwa wa watoto waliokaa magoti yakigusana, kila mmoja amezama mbali peke yake, na hakuna aliyepotea.