Kwaheri Mbili za Kendi wa Ruiri

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akanipa barua ya ukurasa mmoja na kusema, "Soma, kisha uniambie kosa liko wapi."

Ilikuwa barua ya kumnyima viza ya masomo kijana mmoja wa Nkubu. Niliisoma, nikairudia, nikaipitia tena kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili. Kijana alikuwa amepata nafasi chuoni, alama zake zilikuwa nzuri na karo ilikuwa tayari. Barua ilisema tu kwamba afisa hakuridhika kuwa mwombaji angerudi kwao baada ya masomo.

"Sioni kosa," nikasema, nikijua kazi imeshaniponyoka.

"Hata mimi sijaliona," akasema Mkurugenzi. "Karibu kazini. Meza yako ni ile ya dirishani."

Ofisi yetu ilikuwa Meru mjini, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo kila jioni nilirudi nyumbani nikinuka dawa ya kupe. Cheo changu kilikuwa mshauri wa wanafunzi. Watu wengi walidhani kazi yetu ni kutoa viza. Wazee walipanda zile ngazi, wakavua kofia, wakaniomba "nimpigie muhuri" mtoto wao. Nilikuwa nawaeleza polepole kwamba viza hutolewa na nchi yenyewe anakokwenda mtoto, na kwamba sisi tulipanga tu karatasi ili anayezisoma huko zimwingie akilini.

Karatasi zenyewe niwaeleze kidogo, ninyi mnaoanza kazi hii sasa au mnaoomba viza wenyewe kwa simu. Kwanza ni barua ya nafasi, ambayo chuo humwandikia mwanafunzi kwamba amekubaliwa. Halafu taarifa ya benki ya anayelipa karo, na hati ya kiapo, ambayo mlipaji huitia sahihi mbele ya wakili akisema kwamba ni yeye kweli na analipa kwa hiari. Kuna cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi na vipimo vya kifua kutoka hospitali. Baadaye mwombaji husafiri hadi Nairobi kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Nyingine zote ni za kukusanya tu. Iliyonitesa mimi miaka yote ni barua ya nia, ambayo mwanafunzi huiandika mwenyewe akieleza kwa nini anataka kwenda na atafanya nini baadaye.

Nilidhani nikikaa sana kazini nitaelewa. Sikuelewa. Wakati mmoja tulituma maombi ya binamu wawili kutoka Maua, watoto wa wenye malori. Chuo kilikuwa kimoja, kozi moja, hata shati la kupigia picha waliazimana. Mwenye alama za chini alipata, mwenye alama za juu akanyimwa. Baba yake alinijia akiwa ameshika barua zote mbili, moja huku na moja huku.

"Mama Nkatha, mimi nasafirisha mirungi. Mirungi ikikataliwa, mnunuzi ananiambia imekauka. Huyu mtoto wangu amekauka wapi?"

Nilimpeleka kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alimwagizia chai. Hilo ndilo jibu alilopata.

Baadaye nilihamishiwa Embu. Huko bosi wangu alikuwa Meneja wa Tawi, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, mtu wa Kiembu safi ambacho sisi Wameru tunakisikia nusu na nusu tunabahatisha. Alikuwa na utaratibu wake mmoja. Faili ikikamilika haikutumwa siku hiyo. "Ilale kwanza," alikuwa anasema, naye huiweka kwenye droo hadi kesho yake, aisome upya kana kwamba hajawahi kumwona mwombaji. Wateja walimlalamikia. Mimi pia nilimlalamikia mwanzoni, kisha nikaiga.

Hapo Embu ndipo alipoingia Kendi, asubuhi moja ya Julai yenye ukungu. Alikuwa amevaa koti zito sana, lile la kufika magotini, ambalo huoni mtu akilivaa mji ule hata Julai. Alisema alishawahi kunyimwa viza na anataka kuomba tena. Chuo kilikuwa kimekubali kumwekea nafasi yake hadi Januari. Baada ya hapo ingekwenda kwa mwingine.

Nilimweleza hatua. Fomu inauliza kama umewahi kunyimwa, nawe lazima useme ukweli. Kisha mlipaji wa karo atie sahihi hati mpya ya kiapo.

"Anayelipa ni nani?" nikauliza.

"Ni baba."

"Basi aje hapa siku yoyote, kuna wakili jengo la pili."

Akavuta zipu ya koti juu, akaishusha. "Madam, baba hawezi kuja."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Anajua niko ng'ambo."

Meneja wa Tawi aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Na sasa uko wapi?"

"Niko hapa," akasema Kendi, akaanza kulia.

Alitueleza yote. Kwao ni Ruiri, wakulima na wafugaji. Barua ya nafasi ilipofika, ya kusomea usindikaji wa maziwa, familia ilikaa, kanisa likakaa, na kwa kuwa kozi ilikuwa karibu kuanza, wakamuaga kabla ya viza kutoka. Kwao viza ilikuwa kitu cha kupitia tu njiani, kama tiketi. Mbuzi wakachinjwa. Akina mama wa kanisa wakamfumia sweta, wakachanga wakamnunulia lile koti. Mchungaji akamwombea, watu wakalia, wakaimba, wakamsindikiza hadi barabarani. Alipofika Nairobi akapata jibu kwamba amenyimwa.

"Ningerudi vipi, madam? Walikuwa hawajamaliza hata kurudisha sufuria za watu."

Basi akaja Embu kwa rafiki yake anayesoma chuo kikuu, akawa anauza nguo za mitumba. Kila Jumapili alipiga simu kwa mtandao, kamera imezimwa, mama yake akiongea kupitia simu ya Mwalimu, yaani kaka wa baba yake, mwalimu mkuu mstaafu. Mama alikuwa anauliza, "Huko kuna baridi?" naye anajibu, "Baridi sana, mama." Kwa kuwa ilikuwa Julai ya Embu, hapo angalau hakudanganya.

"Hakuna namna nyingine?" akauliza Kendi.

"Ipo moja," akasema Meneja wa Tawi. "Kwenda Ruiri."

Aliponiona nikiangalia kalenda, alinikumbusha kwamba sisi si ofisi ya kupatanisha familia. Halafu akaniambia Jumamosi sina kazi nyingi.

Jumamosi mimi na Kendi tulifika kwao mama yake akiwa zizini anakamua. Tulizungumza Kimeru, lakini nawaandikia kwa Kiswahili. Alimwona Kendi mlangoni na ndoo haikumponyoka, kama mnavyoweza kudhani. Aliuliza tu, "Wamekufukuza?"

"Sikufika, mama. Walininyima. Nimekuwa Embu."

Mzee Mutwiri, baba yake, alikuwa nyuma yetu na mzigo wa majani ya ng'ombe. Aliutua chini, akafikiri sana. "Kwa hiyo baridi yote ile tuliyoiombea ilikuwa ya Embu?"

Hakuna aliyejua kama ni sawa kucheka. Mama aliendelea kukamua, paji la uso likiwa ubavuni mwa ng'ombe. Mwishowe akauliza bila kugeuka, "Lile sweta lilikutosha?"

"Lilinitosha."

"Mikono haikuwa mifupi?"

"Haikuwa mifupi, mama."

"Haya. Ingieni mnywe chai."

Mzee alikasirika baadaye, chai ilipokwisha. Hakukasirikia uongo wenyewe. Alikasirikia kanisa. "Nitasimama mbele ya wale watu niwaambie nini? Wale wamefunga kwa ajili ya mtu anayeuza suruali Embu!"

Ndipo Mwalimu akaja, amevaa tai, na nakala ya ile barua ya nia ya kwanza. Yeye ndiye aliyeiandika pamoja na familia nzima, nao wakaipeleka wenyewe kwa kompyuta ya sokoni. Alitusomea kwa sauti ya mahafali. Ilikuwa barua nzuri hadi mahali aliposoma kwamba Kendi ni kifungua mimba, na kwamba akishafika huko atahakikisha wadogo zake wote nao wamefika.

Nilimwomba asome hapo tena. Akasoma kwa fahari zaidi.

"Mwalimu," nikasema, "nadhani hapa ndipo pana tatizo."

"Wapi?"

"Hapo pa wadogo zake."

Walinitazama wote kama mtu aliyetukana mezani. Kwetu, ninyi mnajua, mtoto wa kwanza akitoka bila kusema atawavuta wengine, huyo ni mchoyo. Familia nzima imemsukuma, naye lazima aahidi kunyoosha mkono. Waliiandika sentensi ile ili afisa aone wamemlea vizuri. Nilijaribu kueleza kwamba afisa akisoma hivyo haoni malezi. Anaona familia inayohama mmoja mmoja.

"Lakini sisi tunahama kwenda wapi?" akauliza Mzee Mutwiri. "Tuna ng'ombe."

"Afisa hajui hivyo, Mzee."

"Si aulize!"

"Haulizi. Anasoma tu."

"Sasa unataka mtoto aandike kwamba atatusahau?" Mwalimu akasema. "Nimefundisha watoto maisha yangu yote, sijawahi kumfundisha mmoja kuandika hivyo."

Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi sijui kwa hakika kama sentensi ile ndiyo iliyomnyima. Nilijua tu kwamba mimi nikikaa kwenye kiti cha afisa, mbali, bila kuwaona, ningesita hapo. Nikamwuliza Kendi kwa nini hasa aliichagua kozi ile, kwa sababu barua nzima haikusema.

Akacheka kidogo. "Kwa sababu ya maziwa ya jioni."

Nikamwomba aeleze. Akaeleza kwamba gari la maziwa hupita asubuhi tu. Yanayokamuliwa jioni hayana pa kulala kwa ubaridi, yanaganda, ndama wanapewa au yanamwagwa. Tangu akiwa mdogo alikuwa akitumwa kuyamwaga. Anataka kujifunza kutengeneza jibini na siagi, arudi ayanunue maziwa ya jioni ya Ruiri yote.

"Hujawahi kutuambia haya," mama yake akasema.

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnaandika."

Mwalimu akatoa kalamu mfukoni, akampa Kendi. Yeye mwenyewe alikataa kuifuta ile sentensi. Alisema mkono wake hauwezi kuwafuta watoto wa nduguye. Kendi ndiye aliyepiga mstari, huku wote wakitazama pembeni.

Jumapili Mzee alisimama kanisani akasema yaliyotokea. Aliniambia baadaye kwamba mwenyekiti wa akina mama aliuliza kama koti bado liko. Wakaambiwa liko. Basi, wakasema, hakuna kilichopotea.

Mzee akaja Embu, akala kiapo mbele ya wakili, kofia kifuani. Barua mpya ilikuwa fupi, ya maziwa ya jioni mwanzo hadi mwisho. Kwenye fomu Kendi alijibu ndiyo, aliwahi kunyimwa. Meneja wa Tawi aliisoma faili, akasema ilale. Asubuhi akaisoma tena na kusema, "Kama ningekuwa afisa, ningeomba jibini." Tukatuma.

Viza ilitoka Desemba. Niliisoma ile barua ya kukubaliwa kama nilivyoisoma ile ya Nkubu siku yangu ya kwanza, nikitafuta safari hii wema uko wapi. Haikueleza neno. Huenda ilikuwa ni maziwa. Huenda ni kwa kuwa alisema ukweli, au afisa alikuwa mwingine, au alikuwa amekunywa chai vizuri asubuhi hiyo. Nilistaafu mwezi uliofuata bila kujua. Nawaambia hivi ninyi vijana ili siku mkipewa barua msiyoielewa msidhani ni akili zenu zimepungua. Someni tena, muulizeni mtoto anataka nini hasa, mwandike ukweli wake, faili ilale. Baada ya hapo si kazi yenu tena, na hilo hamtalizoea.

Mzee Mutwiri alikataa kabisa kufanya sherehe viza ilipotoka. Kendi aliondoka Ruiri alfajiri na sanduku moja na lile koti, mama yake tu akimsindikiza hadi lango. Mzee alisema ataaga mtu aliyefika.

Kwa hiyo mimi, mstaafu mpya, nilialikwa Ruiri Jumapili ya pili ya Januari kumuaga mtu aliyekwisha kwenda. Mbuzi walichinjwa. Mchungaji aliomba safari njema. Mwalimu alishika simu juu, na mara hii Mzee alikuwa ameagiza kamera iwashwe na dirisha lifunguliwe, ili kila mtu auone weupe wa theluji nje kwa macho yake. Kendi alikuwa amevaa koti. Akina mama wakaimba wimbo wa kusindikiza, mwanzo hadi mwisho, na mama yake, ambaye mara ya kwanza hakulia, sasa akalia.

Wimbo ulipokwisha, Mzee alisogea karibu na simu, akavua kofia.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nenda salama."

Kendi akatutazama sote kutoka kule kwenye weupe wake.

"Asante, baba," akasema. "Ninaondoka sasa."