Unga wa Upande Mmoja

Mwajuma wa Asumani hakuwa mtu wa kusifiwa. Mdomo wake ulikuwa mkali, aligombana na kila muuza samaki wa mtaa wetu wa Kampemba, na mumewe Asumani, fundi cherehani, alijificha nyuma ya mashine kila aliposikia sauti yake mlangoni. Lakini kula peke yake hakuweza. Ukipita kwake bukari, ugali wetu, ikiwa imeiva, ulikula, hata kama asubuhi alikutukana.

Bei ya shaba ya migodi yetu ilipoanguka, wateja wa Asumani waliacha kushonesha, na watoto wa mtaa wakaanza kuota nywele nyekundu na kuvimba miguu kwa njaa, ukiibonyeza kishimo kinabaki. Ndipo ukaja mpango wa afya: unga wa mahindi na soya kwa watoto wadogo. Daktari Kapya, kijana mpole aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, alituita kwenye uwanja wa shule atueleze. Wenye kuutoa unga walitaka kwanza waone kama unasaidia, halafu walete wa mji mzima.

Kunda, muuguzi wetu, alishauri njia rahisi: kila mtoto apimwe kilo kila mwezi, alinganishwe na kilo zake mwenyewe za zamani. Daktari akakataa. Wenye unga watasema ni mvua imenyesha vizuri, alisema, au mihogo imeshuka bei. Akachagua njia nyingine. Upande wetu wa barabara upewe unga, upande wa ng'ambo, wa Bel-Air, usipewe, watoto wa pande zote wapimwe, na baada ya mwaka tofauti ionekane. Nasema kweli, kwa kichwa ilikuwa njia nzuri. Kwa tumbo ilikuwa balaa.

Rabia, mdogo wake Mwajuma, aliolewa ng'ambo ya barabara.

"Docteur, na mutoto wa Rabia?" Mwajuma aliuliza palepale. "Alimasi iko mifupa tu!"

"Mama, ngojea mwaka moja tu. Musigabule. Mukigabula, hatutaona kitu, na unga itakatika kwa bote."

Aliomba tusigawane, hakuamuru. Hilo namkumbukia.

Mwajuma alijaribu. Kwa siku kadhaa alimpikia Bahati, binti yake, uji mlango ukiwa umefungwa. Halafu Rabia akaja kusalimia, Alimasi mgongoni. Mtoto akanusa sufuria, akaanza kulia bila machozi. Tangu hapo kila unga ulioingia nyumba ile uligawanywa nusu kwa nusu. Na msifikiri alikuwa peke yake; nani hakuwa na ndugu ng'ambo? Bakuli zilizofunikwa kitambaa zilivuka barabara mchana kweupe, na kila mtu alijifanya hazioni.

Mwaka ulipokwisha, daktari alisimama uwanjani uso umemshuka. Watoto wa pande zote mbili walikuwa sawasawa. Hawakunenepa, hawakufa. Kule unga ulikotoka walikwisha kuamua kwamba haufai kitu, na lori halitarudi.

Mwajuma akainuka. Sisi wengine tulitazama viatu vyetu.

"Docteur, unga ilisaidia. Twalikuwa tunagabula. Andika vile."

"Nitaandika, mama. Lakini habatapima tena, feza ilikwisha." Akatugeukia sote. "Juu ya nini hamukungoja? Leo lori ingekuwa inaleta ya bote!"

Mwajuma alimtoa Alimasi mgongoni kwa Rabia, akamwinua juu ili daktari amwone.

"Na huyu, leo angekuwa wapi?"

Daktari alichukua kalamu. Aliandika, akatuma, na hakuna aliyekuja kupima tena.

Alimasi alifariki mvua za kwanza. Matangani wanawake walinong'ona kwamba Mwajuma ndiye aliyeukata unga wa mji mzima. Nilitamani kuwazaba makofi, maana bakuli zao nilizijua moja moja. Rabia aliwasikia. Akasogea mkekani, akakaa bega kwa bega na dada yake mkubwa, yaya wake.

"Yaya," alisema kwa sauti ili wote wasikie, "mutoto wangu alikulaka mwaka muzima."

 Mwajuma alikuwa amempakata Bahati, akibonyeza mguu wake kwa kidole gumba na kukitazama kishimo, ambacho hakikurudi juu.