Utepe wa Daraja

Walimbandika jina la Mama Utepe, naye hakulikataa, maana ndilo lililompa heshima hata kwa wakwe zake. Alikuwa fundi cherehani, na katika mji ule hakuna mradi uliofunguliwa bila kupita mikononi mwake. Serikali ikitangaza Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wasomi waliukariri kwa asilimia. Yeye aliupima kwa mita za utepe. Zahanati, tangi la maji, shule ya ufundi: kote huko utepe mwekundu wa satini aliupinda kingo mwenyewe na kuushonea ua katikati.

Daraja tu ndilo lililomchosha kusubiri. Liliingizwa kwenye Mpango alipokuwa bibi harusi, likasukumwa kwenye uliofuata, na uliofuata tena. Mumewe, mwashi mstaafu mwenye pumu, alizoea kumtania: "Mke wangu, hilo tutalivuka kwa machela." Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, paa lake unaliona ukiwa dirishani, lakini kuifikia ilibidi uzunguke asubuhi nzima mpaka kwenye kivuko cha mawe.

Hatimaye likaisha. Lami ikakauka, taa zikasimikwa, kisha likakaa wiki baada ya wiki bila mtu kulikanyaga, eti mgeni rasmi hajapata nafasi. Mlinzi aliwekwa kuzuia hata mbuzi.

Asubuhi ya ufunguzi Mama Utepe alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuufunga utepe wake nguzo hadi nguzo, na mkasi ameulaza juu ya kitakia alichokidarizi, aliposikia honi. Lilikuwa gari la jirani yake, muuza maziwa. Nyuma, katikati ya madumu, mumewe ameketi kajikunja, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi haiji.

"Dawa yake ya kuvuta haisaidii tena, mama," muuza maziwa alisema. "Nizunguke kule kwenye mawe?"

"Hatafika."

Mlinzi akaja mbio, mikono juu. "Mama yangu, nakuomba! Mgeni yuko njiani. Nitafukuzwa kazi, na nina watoto."

"Na mimi nina mume mmoja tu, mwanangu. Utepe ukikatika nitaushona. Huyu nitamshona na nini?"

Mlinzi akamtazama mzee, kisha akageukia upande wa pili. "Mimi sijaona kitu," akasema.

Mama Utepe akachukua mkasi wa mgeni rasmi, akakata utepe, akarukia garini.

Ng'ambo wauguzi hawakuuliza maswali mengi. Walimvisha mzee barakoa ya oksijeni, naye mkewe akamshika mkono mpaka kifua kikaanza kupanda na kushuka taratibu. Mzee akafumbua macho.

"Nimevuka?"

"Umevuka."

"Kwa machela?"

"Kwa madumu ya maziwa."

Akacheka, akakohoa, akamsukuma kidogo. "Nenda kashone. Usimponze kijana wa watu."

Mama Utepe akarudi kwa miguu, peke yake juu ya lami mpya, machozi yakimtoka bila kizuizi. Miaka yote aliucheka Mpango kama watu wengine. Sasa akawashukuru kwa sauti watu asiowajua: aliyeliandika daraja mara ya kwanza, waliokataa kulifuta, waliopima, waliobeba zege. Alipoikumbuka kodi aliyokuwa akiilaani kila mwaka, akaishukuru nayo.

Mlinzi alimpokea kwa macho tu. Sindano ilikuwa kwenye ukosi wa gauni lake kama kawaida. Akaunga utepe, akalisogeza ua juu ya mshono, na kabla hajaukata uzi kwa meno ving'ora vya msafara vikasikika.

Mgeni rasmi akahutubia, akasifia malengo ya Mpango, kisha akauinua mkasi. Alilitazama ua, akalionea huruma, akakata pembeni. Mlinzi, aliyekuwa amebana pumzi muda wote, akaiachia.

"Kuanzia leo," mgeni akatangaza, "wananchi mtavuka!"

Mama Utepe akapiga makofi kuliko wote. Waliomzoea walishangaa, maana shughuli kama hizi kwake si mpya. Aliendelea kupiga hata wenzake walipoacha, macho yake kwenye lile paa la ng'ambo, ambako mumewe alikuwa akipumua.